Mkate wa Ijumaa

12 Januari

Wifi yangu mshona watu,

Naandika nimesimama, kwa hiyo mwandiko ukiyumba usiseme nimezeeka. Mikate ya kwanza iko ndani ya tanuri na nina dakika ishirini na tano. Najua utasema ningepiga simu. Masikio yangu na simu tulishaachana. Nikisikia nusu najazia nusu, na wewe unanijua ninavyojazia.

Nina ugomvi nawe. Mdogo wangu alikuja hapa mwisho wa mwaka, akakaa siku tatu. Huyu Kitinda nimemlea mimi tangu ana miaka minne, na mkate wa kwanza niliowahi kuoka maishani aliula yeye, na ulikuwa umeungua. Safari hii alikaa mezani kwangu, akasukuma sahani ya mkate pembeni, akatoa mkebe kwenye begi: mayai mawili, kipande cha nyama, na parachichi lililomwagiwa mafuta mpaka linaogelea. Nikamuuliza, "Hii nini?" Akasema, "Keto, dada." Nikamwambia mimi keto siijui, najua njaa. Akacheka, lakini hakugusa mkate.

Shati linamwelea kama limeazimwa. Wewe ni fundi cherehani, usiniambie hujaona.

Mimi sikatai mtu kuangalia anachokula. Nina mteja, mwalimu wa mazoezi, naye hali wanga: mkate hali, wali hali, viazi hata kuviangalia hataki. Lakini kila Jumamosi asubuhi yuko mlangoni kwangu kabla sijafungua, ananunua maandazi sita na anayala pale pale kwenye ngazi. Anasema, "Siku sita nalinyima tumbo, ya saba nalipa haki yake." Na mwili wake ni kama mlango wa chuma. Sasa kama yeye ana siku yake, mdogo wangu kakosa nini? Mpe siku moja. Hata iwe moja kwa mwezi. Ndugu wa mwoka mikate kufa na hamu ya mkate ni aibu yangu mimi, si yako.

Msalimie Kidoti. Mwambie shangazi ameiona picha aliyomchora, ila si mnene kiasi kile.

Wifi yako wa tanurini


21 Januari

Wifi yangu,

Mara ya kwanza niliposoma barua yako nilicheka. Mara ya pili nikazima cherehani.

Mashati nimeyaona. Nimepunguza manne na suruali tatu. Nakushonea wewe pia gauni kwa kile kitambaa cha bluu, nitumie vipimo vyako vya kweli, si vya miaka kumi iliyopita.

Kuhusu chakula, nisikilize bila kukasirika. Hii lishe sikuitunga mimi. Aliandikiwa hospitali, na mtaalamu wa lishe alituweka chini sote wawili akatufundisha. Wanga usizidi gramu ishirini kwa siku. Nina mizani ndogo jikoni, napima kila kitu, hata kitunguu. Asubuhi anapima mkojo kwa kijiti, kikigeuka zambarau tunajua mwili unachoma mafuta. Kidoti ndiye msoma rangi, akikosa kuamshwa asome ananuna siku nzima.

Hilo la siku moja nilimuuliza mtaalamu mwenyewe, maana nami nilimwonea huruma. Alisema wapo wanaokula hivi ili wapungue, na hao wakijipa siku ya wanga kinachopotea ni siku tatu nne za kupungua. Kwa mume wangu alisema hapana. Mwalimu wako wa mazoezi ana sababu yake na huyu ana yake.

Sababu hiyo si yangu kuisema. Muulize mwenyewe. Nakuomba umuulize, wifi, na akikujibu kwa mzaha, muulize tena.

Wako,
Mama Kidoti


6 Februari

Dada,

Umeniuliza sababu. Presha ilipanda kidogo, na daktari akaona nipunguze mwili. Ndiyo hiyo tu. Mke wangu akisikia neno daktari anafanya jambo zima liwe zito, unamjua alivyo na kupima. Mtu aliyezoea kukata kitambaa hawezi kuacha kipande kizidi.

Mimi nipo vizuri. Kazini wamenitoa kwenye mashine ya kukata karatasi, wamenipandisha juu, kwenye chumba cha kusomea nakala za majaribio kabla hazijachapwa. Nakaa kwenye kiti siku nzima na kalamu nyekundu. Wiki iliyopita nimeokoa ndoa: kadi mia tatu zilikuwa zinawaalika watu kwenye "hasara ya watoto wetu wapendwa". Msimamizi alisema tuache tu, huenda ndio ukweli.

Sasa nina ombi, nalo liishie kwako. Nimekaa miezi mitano bila kuvunja hata mara moja. Nimesoma habari za hawa watu wa keto. Wengi wana siku zao za kula wanga. Wengine kila wiki, wengine mara moja kwa mwezi, na wanasema mwili ukishajua njia hausahau, kesho yake unarudi. Wengine wanabisha, wanasema ukifungua mlango mara moja hujui nani ataingia. Wamebishana kurasa na kurasa. Mimi nimeamua Ijumaa moja kwa kila wiki mbili. Nitumie mkate, ule wa kawaida, kwa basi la asubuhi. Andika anwani ya kazini, siyo ya nyumbani.

Usimwambie mke wangu. Siyo kwamba namwogopa. Mwanamke amenipimia chakula miezi mitano bila kukosea gramu moja, kisha nimtazame usoni nimwambie nimechoka? Siwezi.

Nakumbuka harufu yake, dada. Nikipita karibu na duka la mikate hapa mjini navuka barabara.

Kitinda wako


14 Februari

Kitinda,

Umepata? Nimeufunga kwa kitambaa ukiwa bado na moto ili usikauke njiani, na dereva nimemwapisha asiukalie.

Mkeo sitamwambia. Ila sipendi kumficha, na ukiona siku moja nimeropoka usishangae, mimi siri hukaa nazo kama maji kwenye kiganja.

Presha ni kitu cha kawaida, nilidhani ni kubwa kuliko hapo. Jinsi mkeo alivyoandika nililala vibaya siku mbili. Nikawaza yale ya mama. Wewe hukumbuki, ulikuwa na miaka minne, lakini mimi nilikuwa na kumi na sita, na mpaka leo mtu akijikwaa mbele yangu magoti yangu yanalegea. Mwaka jana mteja alizimia hapa dukani kwa joto, ikabidi watushike wote wawili. Huwa nakuangalia ulivyo mzima, ulivyovuka miaka yote hii, namshukuru Mungu kwamba lile halikukufuata. Lingekufuata nadhani nisingeweza. Nisingeweza tena.

Basi, kula. Ijumaa ya wiki ya pili nitakutumia mwingine.

Dada yako


19 Aprili

Wifi,

Gauni limefika? Kama kiuno kinabana usilaumu uzi.

Nakuandikia kwa furaha leo, na kwa kweli siku nyingi sijakuandikia hivyo. Mume wangu yuko vizuri sana. Ameanza kuimba tena asubuhi anaponyoa ndevu, vibaya kama zamani. Jumapili alimfundisha Kidoti baiskeli, akakimbia naye mpaka mwisho wa mtaa akiwa ameshika kiti, akarudi anahema na kucheka. Nilisimama mlangoni na sindano mdomoni nikasahau kuitoa. Mambo yaliyokuwa yananitisha mwaka jana sijayaona tangu Septemba.

Nina swali dogo. Kuna jambo lolote mnalolijua wewe na yeye nami silijui? Sikuulizi kwa ugomvi. Naona kitu hapa na pale, nashindwa kukiunga. Kama lipo, niambie tu, sitapiga kelele.

Mama Kidoti


27 Aprili

Wifi yangu mwenye macho ya sindano,

Gauni limefika, nalo linasema ukweli kuliko kioo. Nimelivaa kanisani, mwoka mikate mwenzangu wa mtaa wa pili akaniuliza nani kanishonea, nikamwambia ni siri ya ukoo.

Hapana, hakuna jambo. Mimi na Kitinda tunaandikiana utoto tu. Nimefurahi kusikia anaimba. Naona siku hizi umemlegezea kamba kidogo, na mwili wa mtu hujua ukipendwa.

Wa tanurini


2 Julai

Wifi,

Wiki tatu na siku mbili tangu tumzike. Ulipoondoka hapa ulinikumbatia ukaniambia, "Ngazi za chuma zile, kwa nini hawakuweka hata kamba ya kushikilia." Nikakupa begi lako. Tangu siku hiyo sijalala vizuri, maana nilikuacha ukapanda basi na uongo.

Hakuteleza.

Nakuandikia kitu alichoniapisha nisikuambie, na yeye hayupo wa kunifungua kiapo, kwa hiyo nakifungua mwenyewe. Mume wangu alikuwa na kifafa. Kilimwanza akiwa na miaka thelathini na minane. Mara ya kwanza alikuwa amelala, nikadhani anaota. Mara ya pili ilikuwa kazini, mbele ya mashine ya kukata karatasi, na mwenzake alimvuta shati kwa nyuma. Ndiyo sababu walimpeleka juu kusoma nakala. Hawakumpandisha cheo, walimwondoa kwenye kisu.

Dawa tulijaribu tatu. Zilipunguza, hazikuzuia. Kila wiki alianguka mara moja, wiki nyingine mara mbili. Agosti mwaka jana daktari akasema kuna lishe, ya mafuta mengi na wanga kidogo sana, ambayo kwa baadhi ya watu hutuliza ubongo pale dawa zinaposhindwa. Tukaanza, dawa na lishe pamoja. Septemba alianguka mara moja. Oktoba hakuanguka. Tukafika Juni bila kuanguka.

Hakuwa na presha. Hakuwa anapunguza mwili.

Aliniapisha kwa sababu ya mama yenu. Alisema, "Dada alimkuta mama amelala kifudifudi ndani ya beseni la kufulia, maji hayafiki hata kiwiko, na mimi nikiwa mgongoni kwake. Akijua ninacho, atakaa kila siku akisubiri barua ya kifo." Nikamwambia dada yake ni mtu mzima. Akasema, "Mama yangu ni yeye. Umtie hofu mama yangu kwa faida gani?" Nikaapa.

Jumatatu ile aliamka na homa kidogo. Nilimwambia abaki. Alisema kuna vitabu vya shule vinasubiri kusomwa. Saa nne alisimama kwenda kuchukua karatasi chini. Aliyekuwa nyuma yake anasema alisimama ngazi ya juu kabisa kama mtu aliyesahau jambo, kisha mkono ukakaza.

Nisamehe kwa kukuficha. Nilikuomba Januari umuulize.

Mama Kidoti


10 Julai

Wifi,

Barua yako imenikuta nikikanda. Nimeisoma na mikono ya unga na sasa haisomeki vizuri, lakini nimeisoma vya kutosha.

Nilimuuliza. Aliniambia presha. Sikumuuliza mara ya pili kama ulivyoniomba, kwa sababu jibu la kwanza lilinipendeza.

Sasa nisikilize wewe. Tangu Februari nilimtumia mkate. Kila Ijumaa ya wiki ya pili, kazini kwake, kwa basi la asubuhi. Yeye aliniomba na mimi nikakubali kabla hajamaliza kuomba. Ulipouliza mwezi wa nne nikakudanganya, nikaweka na mzaha juu yake. Mikate tisa. Ule wa tisa ulikuwa Ijumaa ile kabla ya Jumatatu. Ilikuwa inakaribia siku yake ya kuzaliwa, kutimiza arobaini, nikasema mkate mtupu haufai. Nikamwekea na maandazi manane ya sukari. Nikaandika kwenye karatasi, "Leo kula mpaka useme basi."

Nimeandika mstari huo hapa ili usisikie kwa mtu mwingine.

Nilidhani wewe ndiye unayemnyima. Nilikuwa nasema hivyo dukani, kwa wateja, nikicheka. "Wifi yangu anamlisha mdogo wangu kwa mizani ya dhahabu." Kumbe ulikuwa unamshikilia asianguke, na mimi nilikuwa upande wa pili namvuta mkono.

Mama alikufa nikiwa ndani namlisha yeye uji. Sikumsikia. Na huyu nimemlisha tena.

Usinijibu kama huwezi.

Dada yake


3 Agosti

Wifi,

Nilipopata barua yako nilikuchukia. Nakuambia kwa sababu tumeshaona kuficha kunatufikisha wapi. Kwa wiki tatu nilikuwa nikishona nakuchukia, nikipiga pasi nakuchukia. Kuna siku nilitoa lile gauni lako la pili nililokuwa nimeshakata, nikachukua mkasi nikalifanya vipande. Kidoti aliniuliza natengeneza nini, nikamwambia vitambaa vya kufutia.

Lakini kuna kitu sijakuambia, na kila nikikuchukia kinanisimamia mbele.

Nilijua.

Sikujua ni wewe, wala basi la asubuhi. Ila Ijumaa nyingine alirudi na chembe za mkate kwenye mfuko wa shati, na mimi ndiye ninayefua. Jumamosi asubuhi kijiti kilikuwa hakigeuki. Kidoti alisema, "Leo baba hana rangi." Mara ya kwanza nilimwangalia siku nzima kama ninavyoangalia maziwa jikoni. Hakuanguka. Jumapili kijiti kikarudi waridi hafifu, Jumatatu zambarau. Wiki mbili baadaye ikawa hivyo hivyo, na hakuanguka.

Ningeweza kusema. Kila Ijumaa hiyo nilipanga kusema. Lakini alikuwa anaingia mlangoni anaimba, wifi. Alikuwa anakula mayai yangu Jumamosi bila ule uso wa mtu anayemeza dawa. Kabla ya hapo, usiku mmoja wa Januari aliniambia, "Siogopi kuanguka. Naogopa kwamba maisha yaliyobaki yote yana ladha moja." Kwa hiyo nilipoona chembe nikasema moyoni, labda mwili umeshazoea. Labda mtaalamu ni mwoga kupita kiasi. Labda siku moja kwa wiki mbili haidhuru. Nikaanza kumpunguzia hata siagi ya Alhamisi ili Ijumaa isimkae tumboni. Umeona? Nilikuwa napima na mkate wako pia, bila kuuona.

Nilikuuliza Aprili si kwa sababu sikujua. Nilitaka mtu mwingine ajue pamoja nami, ili kama ni kosa lisiwe langu peke yangu.

Nilienda kwa daktari wiki iliyopita. Nikamwambia yote, mikate, maandazi, vijiti. Nilitaka aniambie ni kipi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, huenda ni wanga. Huenda ni ile homa, homa peke yake inatosha. Huenda hakulala vizuri. Na wapo wanaofuata lishe mpaka gramu ya mwisho na bado kinawarudia siku wasiyoijua. Nikikuchagulia kimoja nitakuwa nakudanganya." Nikamwambia basi anidanganye. Akatikisa kichwa.

Kwa hiyo sina wa kumlaumu aliye kamili. Kuna wewe nusu, mimi nusu, na yeye mwenyewe, aliyekuwa mtu mzima na akajua kuliko sisi wote alichokuwa anakula.

Bado sijaweza kukuona. Usije kwanza. Barua nitasoma.

Mama Kidoti


15 Septemba

Wifi,

Nimeandika barua mbili nikachana. Hii naituma fupi ili isichanwe.

Nimerudi kuoka. Mwezi mzima nilifunga duka. Mwalimu wa mazoezi alikuja Jumamosi akakuta mlango umefungwa, akaacha maua kwenye ngazi. Nilipofungua alitaka maandazi yake sita. Nikamwuzia, nikamtazama anavyokula, nikaingia ndani nikalia, kwa sababu kwake kweli hayakuwa na kosa. Yeye ana siku yake ya saba na siku ya nane anaamka.

Sitakuja mpaka uniite.

Dada yake


22 Januari

Wifi yangu,

Miezi mitano sijakuandikia. Zako tatu zimefika, nimezisoma, nashukuru kwa kitambaa cha shule cha Kidoti.

Leo nakuandikia saa hii hii jambo lilipotokea, kabla sijapata muda wa kulipamba.

Mwalimu wa darasa la tatu aliniita. Anasema Kidoti anasimama katikati ya sentensi. Anasoma kwa sauti, ananyamaza, macho yanabaki wazi yanaangalia ubao kama hayauoni, halafu baada ya sekunde kumi anaendelea na neno linalofuata, wala hajui kwamba alinyamaza. Wenzake wanamcheka wakidhani anaigiza. Mwalimu amehesabu mara nne wiki hii.

Nimemwangalia jana na leo. Jana jioni alikuwa ananisimulia habari za paka wa jirani, kijiko kikiwa hewani. Akasimama. Nikahesabu mpaka nane. Kope zilikuwa zinapepesa. Kisha akasema, "...na mkia wake," akaendelea kula.

Tuna miadi hospitali tarehe tano. Daktari yule yule. Ameniuliza kwa simu kama kuna mwingine kwenye ukoo mbali na baba yake. Nikamwambia bibi yake. Akauliza kilianzaje kwa bibi, umri gani, dalili za mwanzo zilikuwaje, kabla ya kuanguka kwenyewe. Mume wangu hakukumbuka, na hakuna aliye hai anayejua ila wewe.

Najua ninachokuomba. Najua magoti yako. Kuna sauti iliyoniambia, mwache, amepata ya kutosha, mwambie mtoto ana mafua. Ni sauti ya mume wangu, kabisa, kwa maneno yake. Nimeikataa.

Naogopa sana. Kidoti ananiuliza mwalimu aliniitia nini, nimemwambia si kitu.

Njoo, wifi.

Wako


25 Januari

Wifi yangu,

Nitakuwa hapo Alhamisi kwa basi la kwanza. Duka nimemwachia jirani, akiunguza aunguze. Hii barua inatangulia ili uwe na majibu mkononi kama daktari akipiga tena kabla sijafika, na kwa sababu nikisema kwa mdomo huenda nisimalize.

Mama alianza akiwa na miaka ishirini na tisa, mimi nikiwa na kumi. Nilikuwa namsaidia kukunja nguo. Aliinua shuka, tukashika ncha zetu, mimi nikaja mbele kukunja na yeye hakuja. Alisimama ameshika ncha zake mbili, ananiangalia, haniangalii. Nilidhani ni mchezo. Nikasema, "Mama, njoo." Baada ya muda akaja, tukakunja. Ilikuwa hivyo karibu miaka miwili, kusimama tu, wakati wa asubuhi zaidi, na akichoka zaidi. Alisema ananusa kitu kinachoungua kabla kifafa hakijamjia, na hakuna kilichokuwa kinaungua. Kuanguka kulikuja baadaye. Mwambie daktari na hili: alipokuwa mjamzito wa Kitinda kilizidi, akijifungua kikapungua. Alipokuwa hajala kutwa nzima kilizidi. Hakuwahi kupewa dawa. Baba alisema ni aibu, tusimwambie mtu. Watu wakija tulikuwa tunamwingiza chumbani. Siku aliyokufa alikuwa peke yake uani kwa sababu kulikuwa na wageni sebuleni, na sisi tulikuwa tumezoea kwamba mama akae mbali na wageni.

Hilo sijawahi kulisema kwa mtu. Hata kwa Kitinda. Yeye alidhani ananificha mimi, na mimi miaka thelathini na sita nilikuwa namficha yeye.

Kama daktari atampa dawa, nitajifunza saa zake. Kama atampa lishe ile, nifundishe kupima, nami sitauliza siku ya mapumziko, na mtoto mwenyewe akiiomba tutakaa naye mezani sote tumweleze kwa nini, mpaka aelewe au akasirike. Kama daktari atasema hahitaji, nitakaa wiki moja nikusaidie kupiga pasi.

Jambo moja, kabla sijafika. Usimwambie mtoto kuwa si kitu. Mkalishe leo, akirudi shule. Mwambie ni kitu, kina jina, na kwamba shangazi yake anakuja kwa sababu anakijua.

Wifi yako